Haikuwa Kifafa

Mdogo wangu wa kike alizaliwa kiziwi, na alipoanza kukimbia akaanza pia kuanguka. Akimfukuza ndama kwenye matuta ya shamba letu huko Werugha, alikuwa analegea ghafla, anaanguka, kisha anaamka na kutuuliza kwa ishara kwa nini tunamkodolea macho. Hospitalini walisema ni kifafa. Alimeza dawa za kifafa miaka mingi na kuanguka hakukukoma. Alipokuwa darasa la saba, siku ya michezo, alianguka uwanjani katikati ya mbio na hakuamka tena. Tulimzika kwenye ukungu, watu wamevaa masweta. Nakumbuka chai ya matanga ilikuwa na sukari nyingi mno. Sikumbuki kama nililia.

Nilimaliza sekondari, nikaenda chuo Nairobi kusomea jinsi mwili unavyofanya kazi. Siku moja mhadhiri alifundisha kuhusu moyo. Alisema kila baada ya pigo, seli za moyo hutoa potasiamu kupitia vijilango vidogo sana, ndipo zijiweke tayari kwa pigo linalofuata. Vijilango vikiwa vibovu, moyo unachelewa kuwa tayari, na mtu akikimbia unaweza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Halafu akaongeza kwamba vijilango hivyohivyo vinahitajika ndani ya sikio.

"Kwa hiyo mtoto aliyerithi ubovu huu kwa mama na kwa baba huzaliwa kiziwi," alisema, "na akikimbia, huanguka. Wengi hutibiwa kifafa."

Niliandika yote. Aliyekaa karibu nami aliniomba kalamu, nikampa. Kipindi kilipoisha nikaenda kula chapati na maharagwe.

Sasa nafanya kazi katika maabara ya mhadhiri huyo. Tunamlaza sungura kwa dawa ya usingizi, na haamki tena. Tunautoa moyo wake, tunautundika kwenye mrija wa maji ya vuguvugu yenye chumvi na sukari, nao unaendelea kupiga peke yake. Kisha tunatia dawa ya kufunga vijilango vya potasiamu, na kwenye skrini tunaona muda wa kila pigo ukirefuka, wakati mwingine mapigo yakivurugika. Baadaye tunajaribu dawa nyingine, tuone kama mapigo yatarudi sawa. Mikono yangu haitetemeki. Wenzangu husema nina moyo mgumu kwa kazi hii, nami huwaacha waseme.

Pasaka nilienda nyumbani. Mama alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya nepia. Nilimweleza yote, hata ya sungura, nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, sikujua nianzie wapi.

"Kwa hiyo haikuwa kifafa," alisema.

"Nadhani haikuwa, mama."

"Wala yale mapepo ambayo watu wa kanisa walikuja kumwombea yamtoke."

"Wala hayo."

Aliendelea kukata. "Na hao sungura, wanasikia uchungu?"

"Wanalala kwanza."

"Baadaye mnawazika?"

"Wanachomwa."

Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nishike upande wa pili wa mzigo.

Siku ya kazi ilipofika tuliteremka Voi kupimwa moyo, mimi na mama, na kitindamimba wetu, ambaye anaendesha bodaboda hukohuko mjini, akatukuta hospitalini. Joto lilimfanya mama avue sweta na kulikalia. Daktari alitulaza kwa zamu, akatubandika nyaya kifuani, kisha akazitazama karatasi zilizochora mapigo yetu. Yangu na ya ndugu yangu hazikuwa na shida. Moyo wa mama ulikuwa unachelewa kidogo. Alimwandikia vidonge, akatutajia dawa ambazo asipewe kamwe.

Nje, ndugu yangu alienda kutafuta maji. Mama aliuliza, "Basi ni mimi niliyempa?"

"Nusu. Nusu nyingine ilitoka kwa baba."

"Baba yenu ameshakufa, yeye hatauliza." Alifunga khanga upya kiunoni. "Na mimi sikujua."

"Hakuna aliyejua."

Nilingoja kitu kije, machozi au hasira. Kilichokuja ni njaa. Tulikula wali na mchuzi karibu na stendi, kisha nikampandisha mama gari la Wundanyi, na mzigo wake wa vitunguu.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu. Alikuwa na mwanamke kutoka Mghange aliyekutana naye kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mtoto wake hasikii, na ameanguka mara mbili akicheza mpira.

"Nimemwambia habari za mdogo wako," mama alisema. "Ongea naye."

Niliongea naye. Nilimwomba amzuie mtoto asikimbie kwanza, ampeleke Voi akapimwe moyo, na amweleze daktari kwamba mtoto ni kiziwi. Alirudia maneno yangu polepole, moja moja. Alienda wiki hiyohiyo. Mtoto alikutwa na ugonjwa huo, akaanzishiwa vidonge, akatumwa Mombasa kwa daktari wa moyo. Yuko hai, bado anasoma. Mama aliponiambia nilisema ni vizuri, nikamwuliza kama mvua imenyesha.