Michungwa Sita ya Mama

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na kila ninapomenya chungwa hapa Kariakoo inanirudia. Nilikuwa kijana wa shamba la mkonge, kibarua mtoto wa kibarua. Tulizaliwa kambini, tukazikana kambini, na ardhi ikabaki ya tajiri. Mahindi tuliruhusiwa kulima. Mti, marufuku, maana anayepanda mti anasema hapa ni kwangu, na tajiri alilijua hilo vizuri.

Tajiri alipoacha kufika na mkonge kumezwa na nyasi, wazee wa kambi walikubaliana kila nyumba ipande michungwa, wote wiki moja. Mama alipanda sita. Maji aliyabeba kichwani kutoka mtoni, na mgongo wake ulishamalizwa na kukata mkonge.

Nyapara akaniita pembeni. "Ng'oa ya kwenu, wengine wataiga. Nitakupa usimamizi."

Basi, ujana na kupenda sifa! Niling'oa yote, mama akiwa mtoni. Aliporudi alitua ndoo, akaniangalia.

"Umeng'oa kwa mkono wako?"

"Ndiyo, mama."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Hakuna jirani aliyeniiga. Usimamizi wenyewe haukumaliza miezi miwili, nyapara akahama zake. Miaka ikapita, serikali ikalitwaa shamba, kamati ikaja kugawa. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, "Mazao ya kudumu yako wapi?" Majirani walionyesha michungwa yao, wakaandikiwa ardhi. Mama alionyesha nyasi.

Nikamleta huku, chumba cha kupanga. Akapanda mbegu ya chungwa kwenye kopo la rangi, kibarazani. "Huu nani ataukataza?" akasema, akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Alifariki mwaka jana, mche ukiwa umefika magotini. Machungwa haya ninayouza yanatoka kwa majirani wale wale. Wananiletea mimi kwanza, kwa upendo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa wewe unanipa shikamoo, halafu unaniambia mwekezaji anayeitaka ardhi ya kijijini kwenu amekuahidi unyapara ukifuta jina lako kwenye madai ya ardhi ya wenzako. Usifute, mwanangu. Cheo ni cha aliyekupa, atakunyang'anya akitaka. Rudi kasimame na wenzako. Na kopo la mama lichukue. Kaupande mche wake kwenu mchana kweupe, majirani wakiona. Mungu akujalie uishi uyachume machungwa yake, na la kwanza umpe mama yako.