Tulivyojiandaa kwa Vita Kikoneni

Makopa yakianikwa siku ya mawingu hutoa harufu ya uchachu inayokaa kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chai. Hiyo ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kumi, kwetu Kikoneni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Tulianika mihogo iliyomenywa na kupasuliwa kila mahali: juu ya mabati ya jikoni, juu ya mikeka, hata juu ya kitanda cha kamba kilichotolewa uani. Mimi nililinda kuku wasiidonoe. Wenye maneno husema akiba haiozi, lakini ile yetu nusura iwaumbue.

Chanzo kilikuwa redio ya Baba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hawezi kusikia habari akanyamaza. Upande wa kivukoni, feri zinakovusha watu kwenda mjini, kulikuwa kumezuka fujo. Watu wa bara, waliohamia pwani kutoka mikoa ya ndani, walikuwa wakitishwa wahame, na nyumba kadhaa zilikuwa zimechomwa. Malori ya unga yaliacha kufika kwetu, mafuta ya taa yakaadimika dukani. Basi Baba akatueleza, kana kwamba yuko mbele ya ubao, jinsi mataifa yanavyojiandaa kwa vita. Hayaanzi na bunduki, alisema, yanaanza na ghala. Serikali huzuia nafaka isitoke nje, hugawa mafuta kwa kipimo, na kiwanda kilichokuwa kikitengeneza sufuria huanza kutengeneza kofia za chuma. Nyanya, mama yake Baba, alimsikiliza huku akitafuna tambuu. Yeye hakuhitaji ubao. Alikuwa msichana mdogo wakati wa vita vya Wazungu, serikali ya siku zile ilipoamuru kila mwenye shamba apande muhogo. Kesho yake nyumba yetu ikawa na serikali, na Nyanya ndiye aliyekuwa wizara zote. Chumvi ilifungiwa kabatini, taa ilizimwa mara tu baada ya sala ya isha, na kibiriti alikilalia chini ya mto. Watu wazima walicheka, lakini mimi niliogopa. Nilimuuliza kila mtu ni nani atakayepigana na nani.

Mihogo yetu mingi ilitokana na mbegu tuliyopewa na jirani yetu, Mama Mutua, Mkamba aliyelima shamba lililopakana na letu. Vijiti vya mbegu hiyo alivileta kutoka kwao, akatugawia, vikastawi kuliko vya kwetu. Nyanya, kwa utani, akaiita mihogo hiyo "wabara". "Wabara hawa wana adabu," alizoea kusema akiwa shambani, "hawachagui udongo." Ulikuwa utani wa ndani ya ua wetu. Mama Mutua mwenyewe hakuwahi kuusikia, wala bintiye Ndunge, aliyekuwa rafiki yangu wa chanda na pete.

Alasiri moja Baba alikuwa akinoa mapanga mawili kwenye jiwe la uani. Nyanya alikuwa na wasiwasi wa wezi wa mashambani, waliokuwa wameongezeka siku zile za njaa.

"Kesho asubuhi tuwang'oeni wabara wote," alisema. "Asibaki hata mmoja."

"Mapanga yatakuwa tayari, Mama," Baba alimjibu.

Niliinua macho nikamwona Ndunge mlangoni mwa ua, na ndoo yake tupu. Alikuwa amekuja kunipitia twende kisimani. Aliiangusha ndoo akatoka mbio. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilidhani ameanzisha mchezo. Nilimfukuza hadi mwisho wa ua nikipiga kelele, "Nitakukamata! Utaona!" Kisha mama yangu akaniita nirudi kwenye kuku, nikarudi.

Asubuhi tuling'oa mihogo mpaka jua likawa kali. Baba ndiye aliyetambua kwamba kwa Mama Mutua hakukuwa na moshi wa jikoni. Mlango ulikuwa na kufuli na mbuzi hawakuwapo. Nilipoeleza habari ya ndoo, Nyanya alikaa chini, pale pale kwenye udongo uliochimbuliwa. "Ulimi hauna mfupa," alisema, "umenipeleka pabaya." Akajitanda leso, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu hadi kanisani, walikokuwa wamekusanyika watu wa bara. Mama Mutua alikuwa ameketi juu ya furushi. Ndunge, ambaye hakuwahi kumwona Nyanya asimpe shikamoo, alijificha nyuma ya mama yake.

"Ni mihogo, mwanangu," Nyanya alisema. "Wallahi, ni ile mihogo uliyotupa. Ndiyo niiitayo wabara."

Mama Mutua alimshika Ndunge begani. "Mimi nakuamini, Mama. Lakini huyu mtoto anasema hata Mwanasha alimkimbiza, akimwambia atamkamata."

Wote wakanigeukia. Mimi, niliyekuwa nikisemwa nyumbani kwa domo langu, nilijificha nyuma ya leso ya Nyanya. Siku ile ile walipanda lori wakaenda bara, na hawakurudi tena.

Vita havikufika Kikoneni. Tulikula makopa miezi mingi. Sasa naishi Ukunda, na habari hazingoji tena redio ya mtu mmoja. Ziko kwenye kila simu. Nikisikia taifa fulani linajaza maghala na kuapa kwamba linajilinda tu, siwazii maghala. Nawawazia majirani zake, wanaolisikia likinoa. Nami mwanadamu, kila uchaguzi ukikaribia, na hofu ya fujo ikirudi, hununua unga kama wenzangu, ila kabla sijauingiza ndani humbishia hodi jirani yangu, mama wa kutoka bara, nikamweleza ni wa nini. Yeye hunicheka. Uchaguzi uliopita nilibisha hodi kama kawaida, akafungua, na nyuma yake nikaona mabegi yamefungwa. "Si wewe, dada," aliniambia. "Ni kujiandaa tu." Nilimsaidia kuyabeba hadi barabarani, polepole, nisije nikaonekana ninamharakisha.