Moto wa Mtoto wa Jikoni

Leo wanaume ishirini wa kanisa letu wameshindwa kuwasha moto. Mimi nimeuwasha!

Tuko kambini, msitu wa Kakamega, tujifunze kuishi porini na kumsikiliza Mungu kwenye utulivu.

Mvua ikalowesha kuni zote. Mwalimu wetu amepuliza mpaka machozi yakamtoka.

Nikapiga magoti. Nikapasua kuni, nikachonga vipande vikavu vya ndani, nikapuliza polepole.

Moto ukashika!

"Umejifunzia wapi?" mwalimu akaniuliza.

Jikoni kwa mama. Kwetu hakuna msichana, kwa hivyo nilipikanga mimi. Wale mlionicheka kijijini Shianda eti napika kama msichana, mko hapa? Semeni kitu!

Nikampigia mama simu nimwambie. Mnadhani alinisifu?

"Na ugali huko kambini amesonga nani?"

Mimi, mama. Ni mimi.