Nilivyowaombea Wadogo Zangu Shule

Mwaka wa pili baada ya kuvuka kutoka Burundi, tukiishi Ilagala, kijiji cha kando ya ziwa, na wazazi wetu wote wawili wameshafariki, niliambiwa nitapewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa wazazi wa shule. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, wa kike saba, na wote walikuwa wakishinda ufukweni bila kusoma. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Nilikuwa na wiki moja ya kutafuta maneno.

Wiki ile sikutulia. Nilianika dagaa huku midomo ikienda yenyewe. Nilianza, nikakosea, nikarudi mwanzo, nikanyanyuka kwenda kuchota maji wakati ndoo zote zimejaa. Hotuba yangu ya kwanza ilikuwa ya yatima: baba, mama, njia tuliyopita, njaa. Jirani yetu, mama wa Kikongo aliyekuwa akishona nguo barazani kwake, alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani.

"Weye, huo ni msiba," akasema. "Unataka waje kukaa matanga?"

"Sasa niseme nini, mama?"

"Wale wanaogopa nini? Anza na hicho."

Sikujua wanaogopa nini, kwa hiyo nikazunguka kuuliza, kisimani, sokoni, kwenye mitumbwi. Majibu yakawa mawili. Madawati hayatoshi, watoto wao wenyewe wanabanana wanne wanne. Tena wakimbizi hawakai. Leo wapo, kesho wamehamishiwa kambini. Nikaikata hotuba. Baba na mama nikawaacha wapumzike. Nilimchotea maji fundi mmoja wa mitumbwi siku tatu, naye akaniundia benchi la mbao kuukuu.

Siku ya mkutano nilifika nalo kichwani, nikalisimamisha kando yangu.

"Shikamooni wazazi wangu," nikasema. "Najua madawati ni machache. Hili ni la wadogo zangu wawili, na pembeni pana nafasi ya mtoto wenu mmoja."

Wakacheka, kicheko kizuri. Nilikuwa nimeanza kupumua baba mmoja mchuuzi wa samaki aliposimama.

"Binti, amani ikirudi kwenu, mtafanya nini?"

Nilijibu upesi mno. "Tutakuja nyumbani."

"Si mnasikia!" mwanamke mmoja akapiga makofi. "Nyumbani kwao ni hapa sasa!"

Mchuuzi akaketi, ameridhika. Lakini mwenyekiti, mzee wa Kiha, alikuwa akinitazama kwa tabasamu la mtu aliyekukamata. Kwa Kirundi chetu, na kwa Kiha chake pia, kuja ni kwenda.

"Mwanangu," akasema, "umesema kuja kwa Kiswahili, au kuja kwa lugha yetu?"

Ningeweza kudanganya. Nusu ya ukumbi isingejua.

"Kwa lugha yetu, mzee. Tutakwenda. Lini, sijui. Ila benchi litabaki."

Kelele zikapanda. Wakabishana kana kwamba sipo: huyu anasema kwa nini tuwasomeshe kisha waondoke, yule anasema hata binti yako ataolewa aondoke, mbona unamsomesha? Mwishowe mzee akagonga meza.

"Basi. Mkubwa aanze Jumatatu. Mdogo asubiri mwakani. Kaa, mwanangu."

Kwa hilo sikuwa nimeandaa hata neno moja. Mwakani tungekuwa wapi? Sikukaa.

"Mzee, naomba wawili."

"Nimesema kaa."

"Nimesikia, mzee. Naomba wawili."

Vidole vyangu vilikuwa vikigongagonga benchi na sikuweza kuvizuia, lakini miguu haikusogea. Watu wakaanza kuchungulia nje. Wingu zito lilikuwa limefunika ziwa, na dagaa wa nusu ya kijiji walikuwa wameanikwa mchangani. Mzee naye hakutaka kufunga mkutano mtu akiwa bado amesimama.

"Mwenyekiti!" akapaza sauti yule mwanamke wa makofi. "Andika wawili tukaanue dagaa. Huyu hakai huyu!"

Mzee akafungua tena daftari la majina. Nilisubiri mpaka jina la pili likaandikwa lote, herufi ya mwisho ikakamilika, ndipo nikatoka mbio na wenzangu kuwahi mvua.