Kopo ya Miguu ya Mashini

Mutoto yangu mwanamuke alikuwa couturière, fundi wa kushona nguo, hapa mutaani kwetu Annexe. Sasa mashini yake iko mbele yangu, mi njo nabakia nayo. Haikuwa hivi tulipatana. Mukubwa njo anapashwa kwenda kaburini mbele.

Mi pia nashona, tangu usichana, lakini na mguu moja. Mguu ya mashini nasema, kale kachuma kanakamata kitambaa chini ya sindano. Shati, rideau ya dirisha, nguo ya maiti, yote mguu ule ule. Yeye alikuwa na kopo ya maziwa imejaa miguu ya kila namna, na akiifungua alikuwa ananicheka:

«Mama, weye uko na viatu vya kanisa na bote ya shamba. Mashini tu njo unaikatalia viatu?»

«Viatu vingi ni mambo ya batajiri ba mutaa ya Golf,» nilimujibu.

Na kweli, ba mama ya Golf balikuwa banamuletea vitambaa vyao vya laini.

Baba yake, marehemu bwana yangu, alifanya kazi ya mugodi kule Kipushi. Alikuwa anarudi na vipande vya chuma katika mufuko, nyumba ikajaa. Tangu pale chuma chochote kimepinda, kwangu iko mitraille, chuma chakavu, ya kuuzia bale banapita na mukokoteni. Tulikuwa na ndoo yake pale mulangoni, iko mpaka leo. Lakini nazunguka. Nirudi.

Ugonjwa ulimukamata mutoto yangu kwa haraka. Alituacha na robe, gauni ya binti yake, ingali chini ya sindano: rangi ya maji, volant refu ya marinda chini, kitambaa chepesi sawa ganda ya kitunguu. Pindo lilikuwa limefika katikati. Familia ikapatana kwamba siku ya kuvua weusi, kumaliza kilio, mutoto avae nguo mupya.

«Kambo,» akaniambia mujukuu yangu, «mi navaa ile ya mama. Ingine hapana.»

Basi nikakaa kwa mashini. Mguu niliokuta pale ulikuwa na mudomo umejikunja sawa konokono. Nikasema huu umeanguka, umepinda. Nikautupa katika ndoo ya mitraille, nikafunga ule wangu. Nikakunja pindo na vidole, nikashona. Kitambaa kikajikunyata sawa mudomo ya muzee bila meno. Nikafumua, nikarudia, ikazidi. Upande ya mutoto yangu pindo lilikuwa jembamba, limelala. Upande yangu, haya tupu.

Jirani yetu, mama mumoja wa Maniema anashona ng'ambo ya barabara, aliingia kunisalimia. Akaangalia kazi, akainama chini ya sindano.

«Mama, mguu ya hii mashini iko wapi?»

«Ulikuwa mubovu. Umejikunja.»

«Umejikunja kwa sababu kazi yake ni kukunja.»

Tukapekua ndoo sisi wawili sawa kuku. Akaufunga, akaingiza ncha ya kitambaa katika ule mudomo. «Sasa usivute. Uongoze tu.»

Nikakanyaga pedali pole. Kitambaa kikaingia wazi, kikatoka kimejikunja chenyewe, uzi juu yake umenyooka. Nikalia. Jirani alifikiri ni furaha. Mi nilikuwa naongea na muntu hayuko: ona basi, umesema kweli, mguu moja hautoshi. Na weye hauko wa kunicheka.

Siku ya kuvua weusi, mutoto alizunguka mbele ya bantu, volant ikafunguka. Bashangazi bakasema, «Mama yake alikuwa na mukono ya kazi, jameni.» Nilifurahi, sikatai. Kiisha akakaa karibu yangu. Nikakamata pindo, nikatafuta na kidole pale mukono ya mama yake ilisimama na yangu ilianza. Nilikuwa napajua. Kila asubuhi nilikuwa napashika mbele ya kuwasha moto.

Nikazunguka robe yote.

«Kambo, unatafuta nini?»

«Uzi,» nikamwambia. «Nilifikiri kuna uzi umetoka.»

Nikazunguka tena. Sikupaona. Pindo lote lilikuwa sawa mukono moja.