Remize Jumamosi, Reprize Jumapili

Turubai jipya lina harufu yake: mpira, mafuta ya taa, na kitu kingine kama viatu vya sikukuu ambavyo havijavaliwa bado. Juzi harufu hiyo ilinifika hapa boharini kwangu, Kolwezi, vijana wakifunika magunia ya unga. Nchi ilikuwa imechagua prezida, matokeo yamesomwa, na yule aliyeambiwa ameshindwa alikuwa amesema redioni kwamba hatambui kitu. Watu walinunua unga kana kwamba njaa inashuka na treni ya saa kumi. Wakaniuliza, "Patron, itakuwa namna gani?" Waliniuliza kwa sababu mi ni mtu wa kuulizwa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini leo nina malori matatu yanayofika hadi Kasaji, na yote yanawaka asubuhi bila kusukumwa. Ila siku hiyo akili yangu haikuwa kwao. Ile harufu ilikuwa imenirudisha kambini, kwa baba yangu.

Baba naye alikuwa prezida. Usicheke. Alikuwa prezida wa chama cha kilio cha kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi, wengi wao watu wa asili ya Kasai kama sisi. Mtu akifa, chama kilileta mabenchi, sufuria nne ambazo mtoto angeweza kuoga ndani yake, na turubai moja la kijani la kufunika wafiwa, maana kilio kwetu hukaliwa uani, na mvua ya huku haiulizi nani amekufa. Vitu hivyo vyote vililala nyumbani kwetu, turubai likiwa nyuma ya kitanda changu. Batoto wengine walikuwa na mpira. Mi nilikuwa na turubai.

Kazini, baba aligeuza njia za reli treni ya madini ikikaribia, akipigiwa filimbi na vijana waliozaliwa jana. Lakini Jumapili, baada ya misa, mabenchi mazima yalisimama alipoingia. "Prezida ni jino la mbele," alizoea kusema. "Hata likiuma, hulitoi wakati wa kula." Na yeye alikula miaka tisa.

Ndipo wanawake wakasema sasa tuchague. Akasimama Mama Ngalula, muuza vikwembe, vile vitenge vya kujifunga, sokoni, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Kila nyumba ilitupa punje moja ndani ya sufuria ya chama: hindi kwa baba, haragi kwa Mama Ngalula. Katekista akazimwaga juu ya mkeka, akahesabu mara mbili. Maharagi yalizidi kwa manne.

Baba akainuka polepole, akamwonyesha kidole kuku aliyekuwa akipita chini ya benchi.

"Kuku ile imekula kura zangu."

"Tata Prezida, sufuria ilikuwa na mfuniko," katekista akasema kwa heshima; tata kwetu ni baba.

"Na mukeka uko na mfuniko? Miye niliona. Mahindi imekula, maharagi imeacha. Kuku haikulake haragi mbichi."

"Basi tuichinje," akasema Mama Ngalula kwa ile sauti yake ndogo, "tuhesabie mu tumbo."

Watu walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye mabenchi. Mwenye kuku akambeba haraka akaenda zake. Baba hakucheka, nami sikucheka.

Katekista, mtu wa Kifaransa cha ofisini, akasema mambo yatamalizwa kwa heshima: Jumamosi patafanyika remize na reprize. Nchi hii yetu, hata mlinzi wa mlango wa stoo akibadilishwa, lazima remize na reprize: anayetoka anakabidhi, anayeingia anapokea, wanatia sahihi, watu wanapiga makofi. Jumamosi baba alivaa suti, akakabidhi kila kitu, akasoma hotuba ndefu kuliko utawala wake, akatia sahihi. Mi nililia nyuma ya jiko.

Jumapili akaniambia, "Twende." Tulichukua mkokoteni wa jirani mpaka kwa Mama Ngalula, naye yuko misani bado. Baba akapakia turubai, sufuria, mabenchi. Katekista alitukuta njiani, tumeshafika nusu.

"Tata, bintu unapeleka wapi?"

"Nyumbani. Jana tulifanya remize. Leo njo reprize."

Reprize kwa Kifaransa ni kuchukua tena pia; hadi leo sijui kama hakulijua lile neno au alilijua kupita sisi wote. Kifaransa chake kilikuwa cha filimbi na bendera. Lakini alilisema kwa uso mkavu hivi kwamba katekista mwenyewe alivua miwani, akasimama akilitafuta kosa kichwani, na alipolipata sisi tulikuwa tumeshakata kona. Turubai likarudi nyuma ya kitanda changu. Siku tatu nilitembea kambini kifua mbele.

Jumatano akafa seremala wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mama akaepua sombe lake, mboga ya majani ya muhogo, kabla halijaiva, akajifunga kikwembe.

"Batakuya kuniomba turubai," baba akasema.

"Hakuna mwenye atakuya," mama akajibu. "Banamuke banamufunika mufiwa na bikwembe yabo." Akatoka.

Baba alikaa akiutazama mlango. Kila hatua ikisikika kwenye matope, alirekebisha kola ya shati. Hatua zilipita. Mchana ukaingia, hakuna aliyebisha. Mwishowe aliinuka, akalivuta turubai, akalitwika kichwani. Mi nikabeba kamba.

Kule tuliwakuta wanawake wamemzunguka mjane, mikono juu, wameshika vikwembe vilivyolowa. Hakuna aliyemzomea baba. Hakuna aliyemshukuru pia. Walilitandaza tu juu ya miti iliyosimikwa uani, na Mama Ngalula akasema, "Tata, shika kona ile. Muti mumoja umevunjika."

Baba akashika kona. Alisimama badala ya ule mti mpaka mvua ikaisha, maji yakimshuka kutoka viganjani hadi kwapani. Niliona haya ambayo sijaiona tena maishani: prezida mzima amekuwa mti.

Turubai lilibaki kilioni. Alhamisi hakuna aliyesimama mlangoni kwetu, Ijumaa vilevile. Baba alipiga viatu rangi, akaviweka karibu na kiti, akakaa navyo. Ndipo nilipoanza kuogopa. 

Jumamosi asubuhi, mazishi yameshapita, Mama Ngalula alifika na wanawake wawili, wamelibeba turubai limefungwafungwa kama nguo za mlevi.

"Tata Prezida, siye tumeshindwa kukunja hii kintu. Weye ulikuwa unaikunjaka namna gani?"

Baba alitoka bila viatu. Alilitandaza uani, akawapanga wanawake kwenye kona, akawafundisha: kona hii kwanza, kisha lipigwe kwa mguu hewa itoke, kisha upande wa jua. Alifundisha mpaka jua likawa la utosini. Alipomaliza akatoa sufuria mwenyewe, moja moja, akitaja na tabia ya kila moja: hii inaunguza bukari, ugali wetu, upande wa kushoto, hii usiuamini mkono wake. Hakuna aliyetia sahihi. Mpaka anakufa, kambi nzima ilimwita Tata Prezida.

Hadithi hii niliwasimulia madereva wangu miaka mingi kama kichekesho cha wanawake wasiojua kukunja turubai. Kisha mwaka mmoja mi mwenyewe, prezida wa wenye malori, nikashindwa uchaguzi. Nilisema muhuri wa chama umepotea. Wiki mbili ulikuwa mfukoni mwangu, nikiugusa kila nikisalimiwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza chochote. Nikaupeleka mwenyewe, na nikiwa njiani nikamwona akilini Mama Ngalula wa zamani, si mlangoni kwetu bali sokoni: meza yake ya vikwembe, na juu yake turubai lake mwenyewe, kubwa kuliko lile la chama. Kila jioni alilikunja peke yake, kwa pumzi mbili, huku akibishana na mteja wa mwisho. Mi nilikuwa napita hapo kila siku nikitumwa chumvi, nikisimama kumtazama, wala sikuona kitu.