Makaratasi Yaliyochanua Konza

Upepo ukivuma kutoka jaa la Dandora, makaratasi huruka ua na kugonga mabati ya jikoni kwetu, tap tap, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Wageni hukereka. Mimi mlio huo hunirudisha kwenye Jumapili moja tuliyokosa kanisa ili twende tukatazame maua.

Mama alikuwa na presha ya macho. Mimi na dada yangu Mwende tulilijua hilo kitoto: tulijua vikombe vinavunjika, na kwamba Mama siku hizi anapapasa ukuta akienda msalani. Daktari alikuwa amewaambia yeye na Baba waziwazi kwamba nuru iliyobaki ni kidogo na ikienda haitarudi. Mama hakulia. Alisema tu kwamba, kabla haijaisha, angependa kuyaona tena yale maua meupe yanayotoka uwandani Konza baada ya mvua, yale aliyokuwa akiyaruka akienda shule.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa milango na madirisha, na gari hakuwa nalo. Akaomba pikapu ya jirani. Jumapili ya kwanza pikapu ilikuwa imekodishwa kubeba viti vya harusi. Iliyofuata ilikuwa gereji. Baba akawa hakaliki. Mvua ikinyesha anafurahi, ikikatika ananuna. Hatimaye akapewa ufunguo, tukajibana mbele wote wanne, mimi mapajani mwa Mwende, ndani mkinuka dizeli na vitunguu.

Tukapita Mlolongo, tukapita Athi River, nyumba zikaanza kupungua. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Kila mara aliuliza, "Bado?" na Baba akajibu, "Bado kidogo, Mama Mwende." Kisha uwanda ukafunguka upande wa kulia, udongo mweusi tii, na juu yake vitu vyeupe vimetapakaa mpaka macho yanachoka. Mimi, mtoto wa Dandora, nilivitambua papo hapo.

"Aki hata huku wanamwaga taka!" nikapaaza sauti. "Mum, cheki makaratasi, imejaa kila mahali!"

Mama akapiga makofi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Simamisha gari, Baba Mwende. Ndiyo hayo!"

Mwende nami tukatoka mbio. Kweli yalikuwa maua, mepesi, yamekunjamana, yamelala chini kama yamechoka.

"Msiyachume," Mama alituitia. "Ukilichuma linageuka jeusi."

Mwende alikuwa ameshachuma lake, na kweli lilianza kuwa jeusi kiganjani mwake.

Nilipogeuka nilimwona Mama amesimama kando ya pikapu, ameshika mlango, anatabasamu. Alikuwa ametazama kushoto mwa barabara, upande usio na maua, kulikokuwa na shimo lililochimbwa changarawe na kichaka kimoja kikavu. Baba alikuwa anakuja kwetu. Akasita. Akarudi polepole, akasimama bega kwa bega naye, akayapa maua mgongo na kulitazama lile shimo.

"Ni mengi," Mama alisema.

"Mwaka huu yamezidi," Baba akajibu. "Yamefika hadi kule kilimani. Unayaona?"

"Nayaona."

Walikaa hivyo kitambo kirefu, wameshikana mikono, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona nyumbani. Nilishangaa watu wazima hawa, waliosafiri mbali kote huko kuja kutazama shimo.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa. Nuru ilikuwa imekwisha kabla ya safari, pengine wakati tukingoja pikapu, na Mama alimficha Baba jambo hilo ili asijilaumu kwa kuchelewa. Kelele zangu za makaratasi ndizo zilizomwambia tumefika. Naye Baba, kama angemshika mabega akamgeuza kwenye maua, Mama angejua kwamba siri yake imejulikana. Kwa hiyo hakumgeuza. Baba ametutoka sasa, na katika yote niliyomlilia, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama yupo. Huwasimulia wajukuu jinsi alivyoyaona maua yamejaa hadi kilimani, babu yao akiwa ubavuni mwake. Wao humwuliza yalikuwa meupe kiasi gani, naye huwaeleza bila kukosea. Akifika hapo Mwende huniangalia, nami huinuka nikamwongezee Mama chai.